Miguuni Moto, Kichwani Baridi

Kuna watu wakikuambia "tayari," wewe vua viatu ukae, maana kazi ndiyo kwanza inaanza.

Karakana moja ya useremala ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Meza ina miguu mitatu, yeye tayari. Mlango umegoma kuingia kwenye fremu, wanaume wawili wanausukuma kwa mabega, yeye kasimama pembeni anajipangusa mikono: tayari. Mwishowe jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika, wateja wakamwita Tayari, naye akalipokea kama mtu aliyevishwa nishani. Akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, palepale palipokuwa na jina la marehemu kaka yake.

Hilo la mwisho ndilo lililomkwama kooni shemeji yake.

Shemeji mtu alikuwa mjane wa huyo kaka. Kazi yake ilikuwa kulainisha mbao na kupiga vanishi, na wote walimwita Msasa. Mgeni alidhani ni kwa sababu ya kile kikaratasi cha mchanga ambacho hakikumtoka mkononi. Aliyekaa naye tangu asubuhi hadi wakati wa chai alijua kwamba ni ulimi. Msasa akikujulia hali tu, unaondoka umepungua unene. Lakini mikono yake, jamani, hiyo ni habari nyingine. Ubao ukitoka kwake, ukiupitishia kiganja unadhani umegusa shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Basi hawa wawili, mwenye kusema tayari na mwenye kusema bado, walikuwa wakifanya kazi chini ya bati moja, na mbao zote zilizopita hapo zilisikia matusi kabla ya kusikia randa.

Sasa kulikuwa na ubao mmoja ambao haukuwa wa mteja. Marehemu alikuwa ameuweka darini ukauke polepole, kipande kimoja kipana, hakikuungwa popote. Alisema huo ndio utakuwa ubao wa meza ya nyumbani. Kila alipopata mtoto aliushusha, akachonga ndege mmoja kwa patasi, akaurudisha juu. Ndege wa kwanza ameruka, mabawa wazi: huyo alikuwa mtoto wa kiume, na kweli alikuja kuruka, leo yuko mbali huko, anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Wa pili ameinama anadonoa: binti wa kati, ambaye mpaka leo ukimtafuta, anzia jikoni. Wa tatu ni mdogo, amegeuza shingo kutazama nyuma kama aliyeitwa. Huyo marehemu alimchonga akiwa tayari mgonjwa, ameketi kigodani, anakata kidogo, anapumzika, anakata tena. Alipomaliza jicho la ndege huyo aliweka patasi chini, na hakuishika tena.

Wa tatu ndiye Kitinda, binti wa mwisho. Na Kitinda alikuwa anahamia nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na ukumbi, na kitu pekee alichoomba kutoka nyumbani kwao ni ubao huo.

"Utapata," Msasa alimwambia. "Ila hao ndege sitaki waguswe na kikombe, wala kitambaa, wala kucha ya mtu. Nataka wakae ndani ya kioo."

Hapo ndipo Tayari alipochomoa simu mfukoni.

"Nimeona kwenye video," alisema.

Msasa akafyonza. Msiba wowote uliowahi kuipata karakana hiyo ulianza na maneno hayo matatu.

Lakini safari hii simu ilionyesha kitu cha maana. Kulikuwa na dawa inaitwa epoksi, inakuja kwenye chupa mbili, moja ya dawa na moja ya kugandishia. Unazichanganya, unamimina juu ya ubao, zinatandaa kama maji, na baadaye zinaganda zikawa ngumu na angavu kama kioo. Msasa alitazama mara mbili. Hakusema ni nzuri, kwa kuwa hakuwa na tabia hiyo, ila alisema, "Nunua." Tayari akaagiza chupa za kutosha ubao mmoja na tone la kujaribia. Akajaribu kwenye kipande cha mbao kilichobaki, akakileta asubuhi yake kifua mbele.

"Tayari."

Msasa akakitazama kile kipande. Kioo kilikuwa kioo kweli, lakini chote kilikuwa na viputo, vingine vimeganda vikiwa mviringo, vingine vimepasukia njiani vikaacha vishimo.

"Hiki nini, shemeji? Kioo au uso wa mvulana anayebalehe?"

"Ni hewa tu. Hewa imo ndani ya mbao, inatoka."

"Inatoka inakwenda wapi? Mbona imefika mlangoni ikajenga?"

Tayari alikuwa na jibu, maana mtu kama yeye kukosa jibu ni sawa na kukosa suruali. Alisema dawa ni moto. Moto wa chini. Joto kazi yake ni kupanda, kwa hiyo ubao ukipashwa kutoka chini, joto litapanda, litaibeba hewa, hewa itafika juu na kutoka zake. "Ni akili tu, shemeji. Haihitaji shule."

"Akili ya nani? Maana yako naijua iliko, iko ukutani inachaji."

"Haya, ya kwako inasemaje?"

Ya kwake ilisema kinyume. Msasa alikuwa amepika tangu utoto, na chungu kikitaka kufoka alijua la kufanya: unatoa kuni, unakipuliza juu, povu linashuka lenyewe kama mtu aliyekumbushwa adabu. Kwa hiyo dawa ya viputo ni baridi. Alikwenda nyumbani akarudi na feni ya kusimama, ile ndefu yenye shingo iliyofungwa kwa waya, akaisimamisha kichwani mwa meza kama mlinzi wa benki.

Kitinda alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, amekuja kuona meza yake ikizaliwa. Akauliza kwa upole, "Si mjaribu kwanza yote mawili kwenye kipande kingine?"

"Wewe hujui!" walisema wote wawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee walipokubaliana siku nzima.

Angejua nini? Yeye alikuwa na macho tu, na pale karakana macho hayakuwa na cheo.

Basi ikawa hivi. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kushindwa, kila mmoja alifanya la kwake. Tayari aliingiza majiko ya mkaa chini ya ubao tangu mapema, makaa yamefunikwa majivu ili yasiunguze, na ubao ukapata joto mpaka paka wa karakana akaja kuulalia, akafukuzwa. Msasa naye aliwasha feni. Chini moto, juu upepo. Ungepita hapo ungedhani wanakausha samaki wa ajabu.

Wakachanganya dawa. Wakamimina.

Na kusema kweli, kwa muda mfupi ilikuwa nzuri mno, mpaka ulimi wa Msasa ukatulia. Dawa ilitandaa bila kusukumwa, ikaingia kwenye kila mkato wa patasi, ikajaza mabawa, ikajaza shingo. Ubao ulikolea rangi kama ulionyeshewa. Ndege wa kwanza alionekana kama atapiga bawa. Yule wa tatu, mdogo, jicho lake lililowa likang'aa, na Msasa akajikuta ameinama kabisa kumtazama, kwa sababu hilo jicho aliliona likichongwa, na alikuwa ameshikilia taa.

"Tayari," alisema Tayari.

Kiputo cha kwanza kikapanda kutoka kwenye bawa.

Kikafuatwa na cha pili. Halafu vikaja kwa ukoo. Ubao uliopashwa moto ulikuwa unatoa pumzi kila penye tundu, na michoro ya ndege ndiyo iliyokuwa na matundu mengi. Kufika juu vilifika, hapo Tayari hakukosea. Kilichobaki ni kupasuka viende zao, na hilo ndilo vilikataa katakata. Vilifika juu vikakaa. Vilinenepa kama kupe. Kimoja kikakaa juu ya jicho la ndege wa kwanza kama miwani, kikatulia, kikawa kama kina hati ya kiwanja.

"Ongeza baridi," alisema Msasa, akageuza kitufe cha feni hadi mwisho.

"Ongeza moto," alisema Tayari, akapekua majivu, akapuliza makaa.

Na vile viputo, badala ya kufa, vikapata nguvu. Kila feni ilipovuma juu na makaa yalipowaka chini, vilizidi kustawi. Kitinda aliyekuwa na macho tu aliinama akakitazama kimoja kwa karibu. Aliona ngozi yake inatembea. Michirizi myembamba ilipanda kutoka ubavuni kwenda utosini, inapanda tu, kama mtu anayevuta shuka ajifunike kichwa.

"Mama, kinakunywa kutoka chini. Tazama, maji yake yanapanda juu."

"Kitakunywaje, kina mdomo? Leta sindano."

Kitinda akaleta sindano. Wakatoboa kimoja, vikaja viwili. Wakatoboa viwili, ukaja mji mzima. Na kibaya zaidi, sindano ilianza kutoka na uzi. Dawa ilikuwa inakuwa nzito. Kwenye kipande cha majaribio ilichukua muda mrefu kuganda, lakini kipande kile hakikukalia jiko. Huu ubao ulikalia majiko, na joto lilikuwa linaigandisha dawa mbio mbio.

"Shemeji, inaanza kushika," alisema Tayari, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Naiona. Mimi si mbuzi. Umeipika! Nani anapika meza?"

"Na wewe je? Nani anampepea ndege wa mbao? Kahisi joto?"

"Toa majiko yako!"

"Zima feni yako!"

Hakuna aliyetoa, hakuna aliyezima.

Kelele hizo zikamtoa jirani. Alikuwa mpiga pasi wa kibanda cha pili, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, wote walimwita Dada Pasi. Huyo ukisikia ugomvi na hujamwona, ujue yuko njiani. Alikuja mbio hivyo hivyo na pasi yake ya mkaa mkononi, inafuka, kwa kuwa hakutaka kupoteza hata neno moja kwa kurudi kuiweka.

"Kuna nini humu? Nimesikia mtu anaitwa mbuzi, nikasema hii siikosi."

"Hakuna kitu," alisema Tayari. "Kazi iko karibu tayari."

"Ehe. Na hawa ndege wanaumwa nini? Mbona wametoka malengelenge?"

Akainama kutazama vizuri, pasi ikiwa imening'inia mkononi mwake, juu tu ya ndege wa kwanza, bila kugusa. Na chini ya pasi ile, viputo vikaanza kupasuka. Hakuna aliyevigusa. Kile kilichokuwa miwani kwenye jicho kilitetemeka, michirizi yake ikageuka ikaanza kukimbia kutoka utosini kushuka chini, kikabaki kipara, kikapasuka. Cha pembeni yake nacho. Vya kwenye bawa vyote, kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Dada Pasi akaruka nyuma.

"Sijagusa! Wallahi sijagusa kitu!"

Mahali pasi ilipopita palikuwa pamebaki kioo safi, na pembeni viputo vimejaa vinapepewa.

Msasa alikuwa na ulimi mbaya, lakini hakuwa mjinga. Alitazama kioo, akatazama jiko chini, akatazama feni. Yote yakamwingia mara moja, na hayakuingia vizuri. Kile kimiminika kina tabia yake: hukimbia penye moto kwenda penye baridi. Wao walikuwa wamekipasha kiputo miguu na kukipepea kichwa. Basi maji yake yakawa yanapanda kutoka penye moto kwenda penye baridi, yanakifunika utosi, ngozi haipungui, kwa nini kipasuke? Kingekaa hapo hadi wajukuu. Lakini pasi ilipokuja juu, kichwa kikapata moto, maji yakakimbia kichwani yakashuka, ngozi ikabaki nyembamba, kwisha habari yake. Chungu cha jikoni kilikuwa kimemdanganya, maana pale unapotoa kuni chini ndipo povu linapokosa cha kulipandisha. Yeye alichukua ile nusu ya kupuliza, akaacha nusu ya kuni.

Haya aliyaelewa yote. Na kati ya hayo yote, alichokitoa mdomoni ni kimoja tu:

"Moto wa chini! Si nilisema moto wa chini ni ujinga?"

Akamnyang'anya Dada Pasi pasi yake. Kitinda, bila kuambiwa na mtu, akaenda akachomoa waya wa feni. Msasa akaanza kuipitisha pasi juu ya ubao, polepole, kiganja kimoja hewani. Mikono yake ile ile, jamani. Haikutikisika. Ndege wa kwanza akasafika hadi ncha ya bawa. Akahamia wa pili; viputo vilikuwa vizito kidogo sasa, ikabidi akae juu yake muda zaidi, lakini vikapasuka, mdomo wake unaodonoa ukaonekana, na punje anayodonoa ikaonekana. Dada Pasi alikuwa anahesabu vinavyopasuka kwa sauti kama mtu anayeangalia mpira.

Alibaki wa tatu.

Tayari alikuwa amejibanza ukutani na majivu usoni. Mtu mwingine angemwacha. Mtu mwingine angesema, nammaliza huyu mdogo kwanza, halafu nitakuwa na maisha yangu yote ya kumdharau shemeji yangu, na miaka yote hiyo haitoshi. Lakini Msasa alikuwa amengojea siku hiyo tangu jina jekundu lilipoandikwa juu ya mlango. Akainua pasi, akaiweka begani kama askari na bunduki, akageuka.

"Shemeji, hebu njoo hapa mbele."

"Endelea na kazi, shemeji."

"Nitaendelea. Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Sema: moto wa chini ulikuwa upumbavu wangu. Sema Dada Pasi asikie, yeye ndiye redio yetu."

"Mimi nasikia," alisema Dada Pasi, akavuta kigoda.

"Mama," alisema Kitinda.

"Ngoja, mwanangu. Kuna mtu ana neno limemkwama, tumsaidie."

Tayari akajitoa ukutani. Angeweza kusema maneno hayo sita, akafunga. Alikuwa amesema "tayari" maisha yake yote bila kuwa tayari. Kusema jambo moja la kweli kungemuua? Lakini naye alikuwa wa ukoo ule ule.

"Na feni?" akauliza. "Feni ilikuwa hekima ya nani? Mimi nilivipa joto, wewe ukavipa kofia. Tulivilea wote wawili."

"Feni ni upepo tu! Upepo haujaharibu kitu tangu dunia iumbwe!"

"Ndiyo uliovifanya viishi! Umeona mwenyewe, kichwa kikipata moto vinakufa, wewe ulikuwa unavipepea vichwa kama wafalme!"

"Yaani kumbe umeelewa? Nani kakufundisha? Video?"

Dada Pasi alicheka mpaka kigoda kikalia.

"Mama," alisema Kitinda tena.

"Kaka yako," Msasa alimwambia Tayari, na sasa sauti yake ilikuwa ya mambo mengine kabisa, "kaka yako alichonga huu ubao na jina lake likiwa juu ya mlango ule. Ukalifuta. Na rangi nyekundu! Hata duka la nyama huandika kwa adabu kuliko wewe."

"Niliuliza. Nilikuuliza, shemeji, ukaninunia, nikadhani umekubali."

"Kununa ni kukubali? Siku zote mimi nanuna, basi nimekubali kila kitu?"

"Mama, inaganda."

Kitinda hakupaza sauti. Labda ndiyo maana safari hii alisikika.

Msasa akageuka haraka, akashusha pasi juu ya ndege mdogo. Akangoja. Viputo vilikaa. Akaishusha zaidi, karibu kugusa, makaa yakachungulia kwenye matundu ya pasi. Kimoja kidogo cha pembeni kilipasuka, na tundu lake halikujifunga, likabaki wazi kama kinywa. Vingine havikutikisika. Akagusa ukingo kwa ncha ya kidole. Kidole kilitoka na uzi. Akagusa kando yake, kidole kikatoka bila kitu. Chini ya ubao, hapo hapo chini ya ndege wa tatu, palikuwa na jiko kubwa kuliko yote, lile ambalo hakuna aliyelitoa kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze.

"Lete makaa mapya," alisema Msasa. "Dada, lete makaa."

"Makaa ni hayo hayo, dada yangu," alisema Dada Pasi, na hakuwa anacheka.

Msasa alijaribu mpaka makaa ya pasi yakawa majivu. Ndege wawili walikuwa ndani ya kioo safi. Wa tatu, mwenye shingo iliyogeuka, alikuwa ndani ya povu. Viputo vingine juu, vingine katikati, na vingine vimejibanza ndani kabisa ya mikato ya patasi, mgongoni na shingoni. Juu ya jicho palikuwa na kimoja kikubwa, cha mviringo, kizuri hata, kama kingekuwa mahali pengine.

Kitinda alisogea akatazama. Wakamwachia nafasi wote watatu. Alitazama ndege wa kaka yake, akatazama wa dada yake, akatazama wa kwake. Halafu akaichukua pasi mkononi mwa mama yake, akamrudishia Dada Pasi, akaikunja kanga aliyokuwa ameikalia, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Haya. Sasa ndiyo tayari."

Hakuna tusi ambalo Msasa aliwahi kulitunga, pamoja na uhodari wake wote, lililopenya kama hilo.

Kesho yake Tayari alikuja na randa, macho mekundu. Alisema atapunguza hicho kioo mahali pale, atafikia viputo vya ndani, kisha atamimina upya, atanunua dawa nyingine. Msasa, ambaye hakuwahi kumtetea mtu, alisema, "Mwache ajaribu, mwanangu, anajua kushika randa, hilo silikatai."

"Ili avifikie vya ndani atapita wapi?" aliuliza Kitinda.

Wote wakatazama. Vya ndani vilikuwa ndani ya mikato yenyewe. Randa ingepita mgongoni mwa ndege, na shingoni, na kwenye jicho.

"Nitampitia kidogo tu," alisema Tayari. "Nitamchonga tena."

"Baba mdogo, utamchonga wewe?"

Tayari akaweka randa chini.

Meza ikapelekwa ilivyo. Wakaifunga miguu, minne, na Msasa aliitikisa mmoja mmoja kabla haijatoka mlangoni. Juu ya mlango huo, siku hizo hizo, rangi nyekundu ilikwanguliwa. Hakuna jina lililoandikwa mahali pake mpaka leo, maana hao wawili hawajakubaliana herufi ziwe za ukubwa gani.

Siku Kitinda alipowaalika kula kwake, walikuja wote, na Dada Pasi akaja bila kualikwa. Ukumbi ulikuwa mdogo na meza ilikuwa imeukalia kama mama mkwe. Mwanga wa dirisha ulianguka juu ya kioo, ndege wawili wakawa wanang'aa. Msasa aliingia, akaona, na kabla hajaketi alichukua sahani yake akaiweka juu ya yule wa tatu. Mkono wake ulikutana hapo na mkono wa Tayari, naye ana sahani yake, analeta pale pale. Sahani zikagongana. Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

"Kitendawili," alisema Kitinda, amesimama na bakuli mikononi.

"Tega," walijibu, wote wamefurahi kupata pa kukimbilia.

"Miguuni moto, kichwani baridi, hafi. Mpashe kichwa, hayupo."

"Ninalo!" alisema Tayari. "Ni mama yako. Akipanda moto kichwani hakaliki naye."

Dada Pasi akapiga meza kwa kicheko. Msasa akafungua mdomo, na lilikuwa jibu zuri, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akamwona binti yake alivyosimama. Akalimeza.

"Mmekosa. Nipeni mji."

Wakampa mji, akaukataa. Wakampa mwingine mkubwa zaidi, wenye bandari na uwanja wa ndege. Akaupokea, akala raha zake za mji huko kama desturi ya kitendawili inavyotaka, kisha akawarudia.

"Ni kiputo," alisema. "Kina maisha mafupi tu. Ila kikipata watu wawili wanaobishana, kinaishi milele."

Akaweka bakuli mezani. Akainua sahani ya mama yake kutoka juu ya ndege, akampa mkononi. Akainua ya baba yake mdogo, akampa mkononi.

"Huyu asifunikwe," alisema. "Ameshafunikwa vya kutosha."

Wakala. Dada Pasi peke yake ndiye aliyetandaza vyake mezani, viwiko pande mbili, anasifu chakula kwa sauti. Msasa alikula sahani ikiwa mapajani. Tayari naye mapajani. Wakongwe wawili wa karakana, mabingwa wa mbao, wamekaa kama watu waliokwenda ugenini wakakosa meza, na upande wao meza imetanda, pana, tupu, na ndege mdogo ndani ya povu amegeuza shingo anawatazama.